Mwani wa Kwale Wafika Othaya

Sisi akina mama tunaolima mwani huku Kwale tulikuwa na mnunuzi mmoja tu, naye alitulipa alivyojisikia. Kikundi kikaamua niende bara kutafuta soko jingine. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na mwenyeji: Mama Wambui wa Othaya, ambaye binti yake alisoma chuo kimoja na wangu. Nikafunga gunia la mwani mkavu na katoni ya sabuni za mwani, nikaondoka.

Kenol nilishuka kubadilisha gari, nikavaa sweta. Nyeri mjini nikajifunga leso mbili juu yake. Nilipofika Othaya, kwenye vilima vya chai, nilikuwa nimevaa kila nilichobeba isipokuwa gunia.

Jioni hiyo niliroweka mwani nikaupika kwa nazi, kwa ufundi wangu wote. Baba Wambui, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, aliugeuzageuza kwa uma.

"Hii imetoka kwa bahari ikiwa hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Na hakuna mtu aliwaambia murudishe?"

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza, kisha akamaliza sahani yake huku machozi yakimlengalenga. Akasema ni tamu sana. Hakujiongezea kingine.

Kesho yake tulikwenda sokoni na sabuni, pamoja na mfuko mdogo wa mwani. Sabuni zilinunuliwa. Mwani watu waliupapasa, wakaunusa, wakanipa pole.

Tuliporudi mchana, gunia langu lilikuwa limeburutwa nje ya stoo, limeraruka, na nusu yake haipo. Kando yake alisimama Kanini, ng'ombe wa maziwa wa nyumba ile, akijilamba pua.

Nilisahau baridi. Nilijiona nimetoka pwani kuja kuua ng'ombe wa watu. Baba Wambui alimpigia simu daktari wa mifugo, na kabla hajafika majirani walishajaa uani. Daktari, mama mmoja aliyevaa viatu virefu vya gambuti, alimgonga Kanini tumbo, akasikiliza, akasimama.

"Ng'ombe iko sawa. Iko na kiu tu. Hii kitu iko na chumvi na madini, ukichanganya kidogo na chakula yake inaweza saidia. Lakini si nusu gunia, jameni!"

"Kama ni hivyo," akasema jirani mmoja, "mimi niletee."

"Na mimi," akadakia mwingine.

Nilikasirika. "Mwani tunaouosha kwa mikono yetu, leo uwe majani ya ng'ombe?"

Mama Wambui alinishika bega. "Ati nini? Asubuhi umekunywa chai ukaongezewa. Hiyo maziwa ulifikiri imetoka kwa nani?"

Nikaomba kalamu. Nikaanza kupokea maagizo.

Njiani kurudi nilitazama mashamba ya chai yakipita dirishani, chai ambayo nayo huteremka hadi bandarini Mombasa ipakiwe melini. Nilikuwa nimezoea kudhani kazi ya bahari inaishia povu linapoishia. Kumbe watu wa mlimani wanaishi na bahari kila siku, nasi hatujawahi kuulizana hali.

Kilichobaki ni kuwaeleza wenzangu. Niliwakuta majini, maji yamekupwa, wakifunga miche kwenye kamba. Bi Mwanasha, mkubwa wetu kwa umri, aliposikia nimerudi na maagizo, aliuliza nani hasa anayeula mwani huko.

"Ng'ombe," nikasema.

Alicheka hadi akakaa majini. Alipopata pumzi akauliza, "Wanaupenda na mchanga wake, au uliooshwa?"

"Uliooshwa."

"Afadhali," akasema, akiirudia kamba yake. "Basi wana adabu."