Mjukuu aliyelala kando ya mashine

Saa moja asubuhi, Bibi Unga anabonyeza swichi na kibanda kizima kinaanza kutetemeka. Anamimina mahindi mashineni, anakinga unga kwa kiganja, anausugua kwa vidole kuona kama umelainika. Kila mara anageuza shingo kutazama magunia matupu yaliyokunjwa ukutani.

Leo hakuna mtu pale. Ni mazoea tu.

Hadi majuzi, hapo ndipo alipolala mjukuu wake wa miezi minane, ambaye mama yake anafanya kazi mji mwingine. Mashine ilinguruma, mtoto hakushtuka. Wateja walimsifia, bibi akavimba kichwa.

"Nilikuwa najigamba, huyu ni mtoto wa kazi, kelele hazimtishi," anasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wa mashine.

Kilichomzindua ni nati. Ililegea ndani ya mashine ikawa inagongagonga, mteja aliyekuwa barabarani akaisikia na kuja mbio. Bibi aliyesimama mbele ya mashine hakusikia kitu. Na huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa alijua kwa sikio tu kama mahindi hayajakauka.

Hata hivyo hakuogopa sana. Alidhani masikio ni kama ngozi, yakipumzishwa yatarudi. Mikono yake imeungua na kuchubuka mara ngapi, ikapona? Alifunga kibanda siku chache, akangoja. Hali ikabaki ileile. Ndipo alipokwenda kliniki, mtoto mgongoni.

Mpimaji wa masikio alimweleza taratibu, akimpaazia sauti. Seli za ngozi ya juu hubadilika kwa mwezi hivi. Zinazoonja ulimini, kama siku kumi. Chembe nyekundu za damu huishi miezi kama minne, kisha hupisha nyingine. Lakini zile seli ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio, zinazonasa sauti, mtu huzaliwa nazo na huzeeka nazo. Kelele ikiziua, hazioti tena.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi nimeshazeeka, haya yaliyobaki yatanitosha. Akaniuliza, 'Na huyo mgongoni, Mama, huwa anashinda wapi?'"

Tangu siku hiyo mtoto hushinda kwa fundi cherehani, mwisho wa mtaa. Bibi usingizi umemruka. Binti yake, mama wa mtoto, bado hajui lolote. Akipiga simu, bibi huzungusha maneno.

"Jana niligonga sufuria nyuma ya mtoto. Akageuka! Nikacheka peke yangu kama chizi. Halafu nikajiuliza, amesikia au ameona kivuli changu? Nikagonga tena, hakugeuka. Labda alikuwa amenogewa na kijiko chake. Sijui. Kwa kweli sijui."

Mtoto atapimwa masikio kliniki Alhamisi. Wakitoka huko, bibi atampigia binti yake amwambie yote, liwalo na liwe. Mashine hataiacha, maana ndiyo inayowalisha, ila sasa anavaa vifuniko vya masikio alivyopewa kliniki, na magunia yale anataka kuyaondoa.

"Masikio yangu yakienda, yaende," anasema, akijipangusa unga usoni. "Nataka siku moja nimwite nikiwa jikoni, yeye yuko uani, aniitikie. Hata nisipomsikia, nitamwona anakuja."