Gauni la Kijani

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Taratibu. Ukimwambia nguo inatakiwa kesho, anakujibu taratibu. Ukimwambia nyumba inaungua, nadhani atakujibu hivyohivyo, kisha ataanza kutafuta viatu. Mimi ndiye mpiga pasi wake. Yeye hukata na kushona. Mimi hulaza mishono, hushona vifungo na hupokea maneno ya wateja wenye hasira, kwa sababu yeye akigombezwa hutabasamu, na mteja hukosa raha ya kugomba. Mke wake ni dada yangu mkubwa. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao: meza ya kukatia, cherehani, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na dirisha moja linaloingiza mwanga mzuri mpaka alasiri.

Kila siku ya mwisho ya mwaka yeye hufunga kazi mapema. Huipangusa cherehani, huitia mafuta, huifunika kwa kitambaa safi, kisha hutukalisha mimi na dada kwenye viti vya wateja. Jambo hili alilitoa redioni, kwa mtangazaji mmoja mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Fumba macho. Vuta pumzi. Ukumbuke mwaka uliopita bila kuugombeza. Halafu kila mmoja ataje jambo analolishukuru na jambo analolinuia kwa mwaka unaokuja. Mimi nikifumba macho husinzia, na nimeshawaambia. Mwaka mmoja nilisema nashukuru mwaka umekwisha, nikidhani nimemkomesha. Akasema hiyo nayo ni shukrani, tena ya kweli. Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Safari hii nilikaa kwenye kikao hicho nikiwa nimebeba siri mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Siri ya kwanza ilikuwa ya shemeji. Katikati ya mwaka aliniomba tuende wote mjini kununua vifungo. Nikashangaa, maana vifungo tulikuwa navyo makopo na makopo. Njiani akakata kona akaingia kliniki ya macho. Nilikaa naye mbele ya daktari, nikasikia yote. Presha ya jicho, daktari alisema, inaua mshipa kidogo kidogo, na uoni huanza kupotea pembeni, ndiyo maana mtu hashtuki mapema. Atapewa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Taratibu akauliza kwa upole kama kilichopotea kitarudi. Daktari akasema hakirudi, na kwamba jicho la kushoto limeshaenda sana. Shemeji akamshukuru, akampa mkono. Tulipotoka nje alisimama kidogo akishika ukuta, kisha akaniambia dada asijue. Akijua atalia, alisema, na yeye akimwona analia hataweza kushona. Nikaapa. Tulirudi nyumbani bila kifungo hata kimoja, na dada alipouliza nikasema duka lilikuwa limefungwa. Dada alinitazama tu, akarudi jikoni.

Siri ya pili ilikuwa ya dada. Siku moja niliwahi dukani kabla ya saa ya kazi nikamkuta ameinama mezani karibu na dirisha. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alikuwa amezitia zote, nyeusi, nyeupe, za kila rangi, na kuzichomeka kwenye mto mdogo wa sindano kwa mpangilio ambao mumewe ameuzoea. Kisha akaiinamia na cherehani, akaitia uzi vilevile. Hakushtuka kuniona. Akaniambia anafanya hivyo kila asubuhi anapokuja kufagia, na kwamba mwenzake asijue.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu.

"Ni jambo lake," akasema. "Akitaka niingie, atanikaribisha."

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo. Yeye anadhani mkewe hajui, mkewe anamngoja aseme, na mimi nimeshikishwa mayai mikono yote miwili, siwezi hata kujikuna. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema afanye nini yule aliyeshikishwa nguo. Nilikuwa nawakasirikia wote wawili. Nilipiga pasi mashati ya watu kwa nguvu kana kwamba yamenikosea. Na chini ya hasira hiyo nilikuwa naogopa tu, maana hata wakiambiana, macho hayarudi.

Kwenye kikao Taratibu ndiye aliyeanza. Alifumba macho, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akasema anaishukuru mikono yake. Haijamwangusha, alisema, inajua njia yenyewe. Nilimwona dada akiangalia sakafu. Halafu akasema nia yake. Miaka yote hii amewavisha wake za watu, na mke wake mwenyewe hununua nguo zilizokwisha shonwa, za kuning'inia sokoni, kweli mganga hajigangi. Mwaka ukianza tu, kazi ya kwanza mezani itakuwa gauni la mkewe, na atalishona mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Akanigeukia akasema hata vifungo nisiguse.

Mimi nilisema nashukuru afya, jibu la mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Zamu ya dada ilipofika, alisema shukrani yake ataisema siku yake ikifika. Taratibu akacheka, akasema redioni hawaruhusu kukopa. Tukanywa chai.

Mwaka ukaingia. Siku duka lilipofunguliwa, alienda peke yake kununua kitambaa. Nilijitolea kumsindikiza akakataa, akasema zawadi haichaguliwi na kamati. Akakawia sana. Aliporudi alikuwa na vumbi kwenye goti moja la suruali na kifurushi kwapani, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa kijana anayekwenda kuposa. Akakifungua mezani, akakipapasa.

"Kijani," akaniambia. "Anakipenda tangu nilipomwoa. Unakionaje, shemeji?"

Kilikuwa bluu. Bluu iliyokoza, kitambaa kizuri, kizito kiasi, kinachoanguka vizuri, lakini bluu. Hakumuuliza muuzaji, bila shaka, kwa sababu fundi wa umri wake hamuulizi mtu rangi ya kitambaa. Nilifungua mdomo. Kisha nikamwona anavyokilaza, anavyokinyoosha pembe kwa pembe, nikasema ni kizuri. Nikarudi kwenye pasi yangu. Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba yale matone hayakuwa yanalinda kitu.

Alikata asubuhi iliyofuata, mwanga ukiwa mwingi. Niseme jambo moja kwa wasioshona. Mkono wa gauni una mbele na nyuma. Upande wa nyuma hukatwa kwa nafasi zaidi, ili bega lipate kuzunguka. Fundi hukunja kitambaa mara mbili na kukata mikono yote miwili kwa pamoja, wa kulia na wa kushoto ikitoka pacha. Kitambaa kikiwa kidogo hukatwa mmoja mmoja, na hapo lazima ugeuze karatasi ya kipimo kabla ya kukata wa pili. Hilo hujifunza mwanafunzi katika mwezi wa kwanza, na akikosea hupigwa kofi la kisogoni. Taratibu alikuwa amebakiza kipande kidogo. Alikata mmoja mmoja. Karatasi hakuigeuza.

Sikumwona akifanya hivyo. Niligundua siku mbili baadaye alipoacha gauni mezani akaenda kula. Alisema nisiguse, lakini mshono usiopigwa pasi huniwasha. Nikaliinua, nikaona mkono wa kulia umejipinda, umeelekea nyuma kama mtu anayejikuna mgongo. Nikaupima na mwenzake. Ilikuwa mikono ya kushoto miwili, imeshonwa kwa mshono mzuri ajabu, mdogo mdogo na sawa, ule mshono wake ambao hata watu wanaomsema vibaya huusifia.

Nilivaa viatu nikaenda kwa muuzaji wa vitambaa, mbio mbio, nikiwa na kipande cha masalio mkononi. Niliwaza nitapata kitambaa hichohicho, nitakata mkono mwingine, nitauweka kabla hajarudi. Muuzaji akakiangalia, akasema fundi alimaliza kilichobaki kwenye jora, nalo lilikuwa la mwisho. Akanionyesha bluu nyingine tatu. Hakuna iliyofanana. Mtu mzima mimi nilitoka pale nikalia njiani, kwa ajili ya mkono wa gauni.

Nilipofika, dada alikuwa ameshaitwa kujaribu. Alikuwa nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Taratibu amesimama karibu na kioo, utepe wa kupimia shingoni, anangoja. Nilitaka kusema kitu. Nilisimama mlangoni na kile kipande mkononi, na sikujua nimwambie nani, na nini, na kingesaidia nini.

Dada akatoka. Gauni lilimkaa kiunoni kana kwamba alizaliwa nalo. Bega la kushoto safi. La kulia lilikuwa limevutwa, kitambaa kimejikunja chini ya kwapa, mkono umegeukia nyuma. Alijiangalia kwenye kioo, na alikuwa mke wa fundi miaka mingi, aliona mara moja.

"Limenikaa vizuri sana," akasema.

Taratibu akatabasamu. Lakini fundi hamwachii mteja aseme kwamba nguo imekaa. Lazima ahakikishe kwa mkono wake. Akamsogelea. Akapitisha vidole bega la kushoto, akashuka na mshono mpaka kiwiko, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akahamia la kulia. Vidole vikafika juu ya bega vikasimama. Vikarudi. Vikaupapasa mshono ule mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena. Mikono ile aliyoishukuru mwisho wa mwaka ndiyo iliyomwambia.

Nilisikia maji yakichemka jikoni.

"Nimekata ya kushoto yote miwili," akasema.

"Nitauzoea," dada akajibu.

"Sioni, mke wangu." Alisema taratibu, kama anavyosema kila kitu. "Nimekwenda kwa daktari. Mwaka jana. Hayatarudi, na haya yaliyobaki nayo yanaondoka."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunishika mkono barabarani. Hukuwa na tabia hiyo." Dada hakulia. "Nilikuwa nangoja unikaribishe."

Taratibu alikaa kwenye kiti cha wateja, ghafla, kama mtu aliyetua mzigo na kugundua kwamba huo mzigo ndio uliokuwa umemsimamisha. Akaulizia sindano, kama ni yeye aliyekuwa akizitia uzi. Dada akasema ni yeye. Akacheka kidogo, akasema alikuwa anajiambia kwamba usiku huzitia mwenyewe na kusahau, maana uzee una mambo. Halafu uso wake ukaanguka. Akauliza sasa atafanya nini. Hakuwa ananiuliza mimi. Watu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nililifikiria neno hilo nikaliacha. Hapa kilichovunjika si koleo. Dada alimwekea mkono kichwani, ule wa upande wa gauni uliopinda, nao ukapinda zaidi.

Baada ya muda Taratibu alinyanyuka, akamshika dada mabegani, akamsogeza hadi dirishani.

"Simama hapo penye mwanga," akasema. "Nikuone."

Akarudi nyuma hatua chache. Siku hizi huona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kwa hiyo alianza chini, kwenye upindo, akapandisha kichwa polepole, kiunoni, kifuani, bega zuri, bega baya, mpaka usoni. Hapo akatua. Alikaa hapo muda mrefu. Dada alisimama wima bila kujisogeza, kama wateja wanavyoambiwa wasimame.

"Mkono nitaufumua kesho nione pa kuokoa," akasema. "Lakini rangi sikukosea. Kijani kimekupendeza tangu zamani."

Dada akainamisha macho akaliangalia gauni. Bluu yote, kuanzia kola hadi upindoni, jua likiwa limeipiga. Kisha akaniangalia mimi, mara moja tu, na nilielewa kwamba sasa ninayo siri ya tatu.

"Ile shukrani yangu," akamwambia mumewe, "siku yake imefika. Nashukuru kwa gauni langu la kijani."

Taratibu akafumba macho, akavuta pumzi. Mimi niliichukua pasi. Ilikuwa imeshapoa zamani, lakini nikaendelea kupiga.