Kinaga Upate Ubaga

Nimefika Kilole tangu asubuhi na mpaka sasa sijatulia kwenye kiti. Bibi yangu, mama yake baba, amelala chumba cha mbele. Upande mmoja wa mwili umepooza na ulimi umekuwa mzito. Barazani baba mkubwa na baba mdogo wanabishana atazikwa wapi, hapa Korogwe alipolala babu au kwao Handeni, na yeye bado anapumua, rafiki yangu, anawasikia. Nilipoingia nilimwamkia. Midomo ilicheza, marahaba haikutoka.

Ungemjua zamani! Katika nyumba hii hii, ukimpa shikamoo ya kutafuna alikurudisha mlangoni ukaanze upya. Jioni tulipukuchua mahindi juu ya ungo mpaka vidole vinawaka moto, harufu ya kisamvu inatutesa kutoka jikoni, na kila mtoto sharti aeleze siku yake ilivyokwenda. Mimi nilikuwa namung'unya maneno utadhani nina kiazi cha moto mdomoni. Bibi aligonga ungo kwa gunzi.

"Kinagaubaga, mjukuu wangu. Mimi si mganga, sipigi ramli."

Nilimuuliza mwalimu neno hilo limetoka wapi. Akasema maana yake ni kueleza jambo waziwazi, bila kuficha wala kuzungukazunguka; asili yake hakuijua. Bibi aliijua, au alijidai kuijua. Kwao Handeni, alisema, ubaga ni ugali. Mgeni akiulizwa kama ana njaa, akaona haya na kujibu chini chini, alilala hivyo hivyo. Aliyesema kinaga alipata ubaga wake. Nilipomsimulia mwalimu, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sijui hadi leo kama ni kweli au bibi alijitungia, na inanikera, kwa sababu wa kumuuliza ni huyu huyu asiyeweza kunijibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu aliyetulazimisha kusema kila kitu hakuwahi kusema anataka kuzikwa wapi. Labda hatukumuuliza. Basi mchana huu, kelele za barazani zilipozidi, niliinama sikioni kwake.

"Bibi, siku ukituacha, tukupeleke wapi?"

Alihangaika na midomo kwa muda mrefu, jasho likamtoka. Mwishowe akasema, kwa taabu, "Ubaga."

Shangazi anayemuuguza aliinuka haraka. "Maskini mama yangu, ana njaa," akasema, akaenda kukoroga uji. Mimi katika neno hilo nilikuwa nimesikia Handeni. Nikamuuliza tena, "Handeni, bibi?" Akanitazama tu. Na uji ulipoletwa aliunywa wote, akakamata kijiko kwa midomo asikiachie.

Sasa nimetoka chumbani, niko barazani. Hakuna anayepukuchua kwa mkono siku hizi, mashine inaunguruma huko mtaani, na ule ungo ulishaoza zamani. Baba mkubwa amenyanyua uso.

"Haya, wewe ndiye uliyekuwa naye ndani. Amesemaje?"

Wote wananisubiri. Nafungua mdomo, na kinachotoka ni kumung'unya kule kule kwa utotoni. Nategea sikio ungo ugongwe. Ndani hakuna anayegonga.