Sabuni ya Jezi Namba Tisa

Mechi saba, bao hakuna. Nasema habari zangu mimi. Timu yetu ya Ujiji ilikuwa na mabao mawili msimu ule: la kwanza mpira ulimgonga beki wetu mgongoni ukaingia, la pili wapinzani walijifunga wenyewe. Mimi niliyevaa namba tisa, jezi ya mfungaji, sikuwa na hata moja. Nafasi nilizipata, tena za kuchagua. Nilikuwa nabaki uso kwa uso na kipa, halafu napiga kampira kadogo kanakwenda kujilaza mikononi mwake. Watazamaji wa uwanja wa Rusimbi walikuwa wakinipigia kelele, "Mpe kipa, mpe mwenyewe!" Na mimi nina hasira za karibu. Siku moja nilitoka uwanjani kumfuata yule aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, nikamkuta ni shemeji yangu, mume wa dada.

Baada ya mechi ya saba nahodha aliniita pembeni. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Aliniambia, "Jumapili cheza. Usipofunga, jezi utampa mwenzako." Nilikuwa na miaka ishirini, namsaidia mama kuuza mawese sokoni, na sikuwa na kitu kingine duniani ambacho watu walinijua nacho.

Mazoezi tulifanya asubuhi na mapema ufukweni. Upande mmoja wanawake walikuwa wakianika dagaa, kwa hiyo tulipiga kuelekea goli moja tu, lile lililolipa ziwa mgongo. Kutoka golini hadi majini ni hatua kumi. Sheria yetu ilikuwa moja: mpira ukiingia ziwani, aliyepiga ndiye anayeufuata. Na asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, kwa hiyo mpira ulikuwa haumsubiri mtu.

Karibu na goli hilo kulikuwa na jiwe la kufulia, na wiki hizo lilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, malori yakipita karibu kila siku kuelekea kambini. Mwanamke huyu alikuwa Mrundi, ametoka kambini kwa kibali cha kumuuguza mumewe aliyepasuliwa tumbo hospitali ya Kigoma. Alikuwa amepata hifadhi mtaa wa Buzebazeba kwa mama mmoja aliyekuwa akisali naye, na alifua nguo za watu ili mgonjwa apate uji. Jezi zetu pia alizifua yeye. Niseme ukweli wangu: nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakilalamika kwamba wageni wamekuwa wengi mno. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" niliisema tangu utotoni bila kuisikiliza.

Jumatatu baada ya onyo la nahodha, tulipofika tu, yule mama aliinua kichwa.

"Amahoro," alisalimia wote, kisha akaninyooshea kidole. "Wewe musore, kijana, jezi yako naifua na maji tu. Sabuni inakwenda kwa za wenzako. Hii yako haina kazi."

Wenzangu walicheka hadi wakakaa mchangani. Kwa umri wake alistahili shikamoo yangu kabla ya neno lolote, lakini sikumpa.

"Mama, wewe fua," nilimjibu. "Mpira tuachie wenyewe."

"Ego," alisema, yaani sawa, akaendelea kufua.

Kesho yake niliwahi peke yangu. Nikaweka mpira, nikapiga, ukaviringika taratibu hadi mlingotini. Nikapiga wa pili.

"Umeona ulichofanya?" aliuliza kutoka kwenye jiwe.

"Nimefanya nini?"

"Umeangalia maji. Kila mara unaangalia maji kwanza, halafu mguu unapoa. Munaogopa ziwa, wote. Wewe zaidi."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikajikuta nalitazama tena ziwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mpira wetu wa kwanza wa ngozi, wa pekee, niliupeleka ziwani mimi. Niliogelea mpaka nguvu zikaniishia, nikageuka, nikasimama ufukweni nikiutazama ukienda ng'ambo, Kongo. Miezi miwili tulicheza mpira wa matambara, na kila asubuhi wenzangu waliniuliza kama mpira umeandika barua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tulikuwa tumeshasingizia viatu, uwanja, mwamuzi, hata kurogwa. Ziwa hakuna aliyelitaja, na lilikuwa mbele ya macho yetu tangu tuzaliwe.

Akanisimulia kwao. Ni milimani, na uwanja wa kaka zake ulikuwa juu ya mteremko. Mpira ukikosa goli unashuka bondeni hadi mtoni. "Wakawa wanapiga kama wewe, kama mtu anayemwekea mtoto chakula," alisema. "Baba akapanda ua wa minyaa nyuma ya goli. Basi, wakaanza kupiga." Kuhusu kaka zake hakusema zaidi, nami nilikuwa na akili ya kutosha kutomuuliza.

Minyaa ingetuchukua mwaka. Lakini kwenye mitumbwi palikuwa na wavu wa dagaa uliochakaa, na mwenyewe alitupatia bure. Mama yule aliuziba matundu kwa uzi wa nailoni, akikaa kwenye jua kali baada ya kumaliza nguo zake, na mimi nikachimba mashimo ya nguzo. Wavu wa dagaa, macho yake ni madogo, hata ndimu haipiti. Tuliusimamisha nyuma ya goli, mrefu kuliko mwamba wa goli. Kisha akachana ukanda mwekundu wa kitenge chake, akaufunga chini pembeni.

"Maji sasa hayapo," alisema. "Angalia hii."

Jumatano nilipiga mpira kwa nguvu zangu zote kwa mara ya kwanza tangu ule wa Kongo. Nilipaisha. Wa pili ukaenda nje. Wavu uliipokea yote na kuirudisha, na mimi nilijikuta nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Hadi Jumamosi timu nzima ilikuwa ikipanga foleni kuutafuta ule ukanda mwekundu. Shikamoo yake nilikuwa nayo mdomoni kila siku, na kila siku niliona aibu mbele ya wenzangu, nikajiambia kesho.

Jumapili jezi zililetwa na yule mama wa Buzebazeba aliyempa hifadhi. Mgonjwa alikuwa ameruhusiwa, ametoka kwa miguu yake mwenyewe, kibali kimekwisha, na lori la kambini lilikuwa limeondoka nao asubuhi. Nilipokunjua namba tisa, kikaanguka kipande cha sabuni, ile ya kahawia ya mgao wa kambini, iliyokatwa kwa uzi. Watu kambini waliigawana kwa kuipima kwa vidole.

"Amesema leo utaihitaji," aliniambia yule mama.

Mchana ule mvua ilikuwa imenyesha, na Rusimbi palikuwa tope tupu. Shuti langu la kwanza lilipita juu ya mwamba likaenda kwenye mihogo ya watu. Shemeji yangu akapaza sauti, "Afadhali! Leo kipa hajazawadiwa!" Hata mimi nilicheka. Sikuwa nimewahi kukosa kwa namna ile, na sikuumia. Kipindi cha pili mpira ulinijia kutoka kushoto. Goli la Rusimbi halikuwa na wavu wala kitambaa, lakini nilijua pa kuangalia, chini pembeni. Nilipiga, mguu niliousimamia ukateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye tope. Nililisikia bao kutoka kwa watu kabla sijaliona. Tulitoka sare ya moja kwa moja, na nahodha alinipita bila kuniuliza habari ya jezi.

Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwenye lile jiwe. Wanawake waliokuwa wakifua kando waliniuliza kwa nini nisimtafute mtu wa kunifulia. Niliwaambia mwenye kazi hiyo amesafiri. Tope la Rusimbi ni jekundu na haliachii upesi. Nilisugua mpaka vidole vikaniuma, na kile kipande chote kikaishia kwenye jezi moja. Nilipomaliza kuisuuza nikaliwekea lile jiwe mkono, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia, nikaliambia jiwe: shikamoo, mama.