Damu ya Apiyo kwa Jina la Adongo

Kila asubuhi nikifungua chupa ya spiriti kwenye maabara yetu hapa Migori, harufu yake hunirudisha kijijini kwetu Kosele, nikiwa na miaka tisa, kidole kinaniwasha na moyo unanidunda kwa sababu ya uongo. Kazi yangu ni kuchunguza vimelea vya malaria, na vijana ninaofanya nao kazi hudhani nilianzia chuo kikuu. Wapi! Nilianza kwa kumdanganya mtu wa maabara.

Mimi na Adongo ni pacha. Mimi ndiye Apiyo, niliyetangulia, na dakika zile chache nilijivunia kana kwamba nilizifanyia kazi. Tulifanana mpaka mwalimu akawa anachapa aliye karibu. Ila Adongo alikuwa mwepesi wa kuugua, kwa hivyo Dana, bibi yetu aliyetulea, alimlinda kama yai.

Siku moja wakaja watu wa utafiti, wakaweka kituo kwenye darasa la kanisa. Walitaka tone la damu la kila mtoto. Aliyefika bomani kwetu ni Madam Boke, Mkuria wa kutoka Isebania, mwenye sanduku la vioo vidogo na sauti ya upole. Lakini soko zima lilishasema damu hiyo inauzwa, na Dana hakuhitaji ushahidi mwingine. Alimficha Adongo nyuma ya ghala, akaniita jikoni.

"Wewe una damu nyingi," akaninong'oneza. "Toa yako, halafu utoe na ya mwenzako."

Nikatoa kidole cha mkono wa kushoto. Nikazunguka nyumba, nikavaa gauni la njano la Adongo, nikarudi na mkono wa kulia, mpole kama si mimi.

"Huyu ndio Adongo, ile mdogo," Dana akasema kwa Kiswahili chake.

Madam Boke, aliyekuwa bado na maboma mengi ya kuzunguka, akadunga, akapaka damu kwenye kioo, akaandika jina. Alipoondoka, Dana alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikajiona shujaa.

Siku ya tatu karatasi ya majibu ikaja: Apiyo hana malaria, Adongo hana malaria. Siku hiyohiyo Adongo akakataa uji. Kufika adhuhuri mwili ulikuwa moto, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Na hapa, jamani, hadi leo nashindwa kucheka: Dana, aliyeniita Adongo kwa mdomo wake mwenyewe, aliiamini ile karatasi. "Malaria hana, si wamempima?" akawa anarudia, huku akimnywesha maji ya mwarobaini. Sijui alisahau, au alijikaza asikumbuke. Adongo akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka.

Nilimwogopa Dana kuliko kitu chochote, lakini siku ile niliogopa zaidi kubaki peke yangu. Nikakimbia hadi kanisani bila viatu, nikamwonyesha Madam Boke vidole vyangu viwili.

"Ni mimi. Zote mbili ni damu yangu. Adongo anakufa."

"Haki ya Mungu!" akasema, akanyakua sanduku lake.

Tulimkuta Dana amesimama mlangoni, ameziba njia. "Hii damu ya mtoto yangu mnapeleka wapi?"

"Mama, hata mimi ni mzazi," Madam Boke akamjibu. "Wacha nimwone tu."

Dana akasogea, na Madam Boke akamdunga Adongo kidole, akapaka damu yake kwenye kioo.

Gari la utafiti likampeleka Adongo hospitalini Homa Bay, Dana amempakata. Mimi nikarudi na Madam Boke kituoni. Alikipaka rangi kioo cha Adongo, cha kweli safari hii, akaniketisha mbele ya hadubini. "Tazama. Hawa ndio wanaomla dada yako." Nikaona vipete vya zambarau, vingi mno, vimejaa kila pahali. Nilivichukia kwa moyo wote, na sikutaka kuacha kuvitazama.

Kisha akafungua daftari lake, akakata majibu ya kwanza ya Adongo, akaandika kando: kosa ni langu, sikumwangalia mtoto. Nilidhani anadanganya ili Dana asiingie matatani, na nikampenda kwa uongo huo miaka mingi.

Adongo alirudi baada ya wiki moja, amekonda, akidai gauni lake. Leo ni mwalimu huko Rodi Kopany, na kelele zake kwenye simu zinaweza kuamsha kijiji.

Mwaka jana niligundua nimechanganya kwa bahati mbaya majina ya vioo nilivyosoma mwenyewe, na kazi ya miezi ikaharibika. Hakuna aliyejua ila mimi. Nikakaa na fomu ya kuripoti makosa nikitafuta wa kumsingizia: dereva, lebo, joto. Hapo ndipo nilipomwelewa Madam Boke. Hakudanganya hata kidogo. Kidole kilichokwisha kudungwa, cha mkono wangu wa kushoto, kilikuwa mbele ya macho yake, naye hakukiangalia, akaliandika kosa lake mbele ya mtoto aliyemdanganya. Nikashika kalamu, nikaandika jina langu.