Gata ya Nyuma

Juma lililopita nilipanda ngazi hapa nyumbani kwangu Kasese, mtaa wa Nyamwamba, nitoe majani kwenye gata, ule mfereji wa maji ukingoni mwa paa, kabla mvua za Machi hazijaanza. Ningeweza kumwita fundi, lakini kazi hiyo naijua tangu utotoni. Nikatia mkono, nikavuta donge jeusi la majani yaliyooza. Ile harufu iliponipanda puani nikashuka. Nikakaa kizingitini na mikono yangu michafu, nikashindwa kuendelea mpaka jua lilipopinda. Mume wangu aliniuliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia hapana. Yeye sijawahi kumsimulia kisa hiki, basi acha nikusimulie wewe.

Nililelewa na bibi, mama yake mama yangu, kwenye kilima kidogo nje ya Bwera, mahali ambapo siku za soko ulisikia honi za malori yakielekea mpakani. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, yale ya udongo uliokaushwa juani tu, na juu yake mabati. Ukuta wa namna hiyo ukilowa, rafiki yangu, unarudi kuwa matope kama ulivyozaliwa. Kwa hiyo kando ya mabati palikuwa na gata ambazo fundi alizikunja kwa mkono na kuzifunga kwa waya: ya mbele ilipeleka maji kwenye tangi la saruji, ya nyuma ilipeleka kwenye pipa. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Agosti, tulizisafisha. Bibi alikuwa na msemo wake, akiurudia hata kanisani watu walipomwuliza habari za nyumbani: "Maji hayapigi hodi."

Magoti yake yalipoanza kumsumbua, kazi ya kupanda ikawa yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilipanda na kidumu kilichokatwa mdomo, nimekifunga kamba kiunoni, na kipande cha kandambili kuukuu cha kukwangulia. Bibi alishika ngazi chini, akinielekeza kana kwamba anaona kwa macho yangu. Uwanjani kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, na jikoni unga wa muhogo ulikuwa unangoja kusongwa, ule ugali wetu tunaouita obundu, tukaule kwa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wadogo waliotiwa chumvi ya Katwe. Tukimaliza, nilimimina jagi moja la maji kwenye ncha ya gata, na bibi alifumba macho akiyasikiliza yakikimbia hadi tangini. Yakifika bila kukwama, alisema, "Haya, sasa mvua inyeshe." Sijui kama nimewahi kuwa na furaha nyingine iliyo safi kama ile.

Kwenye chumba cha nyuma alikaa mama mmoja aliyekimbia vita huko Congo, upande wa Beni. Alikuja na mabegi mawili na cherehani, hivyo sote tulimwita Mama Cherehani. Alishona sare za shule na nguo za Komunyo ya kwanza. Hakuwa Mnande, wale ndugu zetu wa upande wa Congo tunaosikilizana nao, kwa hiyo lugha yetu hakuielewa; alisema nasi Kiswahili cha kwao, na mimi nilikaa kwenye kizingiti chake nikiokota vipande vya vitambaa na maneno pamoja. Bibi alijua Kiswahili cha sokoni tu. Lakini jioni walikaa wote wawili wakichambua maharagwe, kila mmoja akisema chake, na walielewana kuliko watu wengi ninaowajua.

Mwaka niliotimiza kumi na mmoja, bibi alikwenda Bugoye kumtazama binti yake aliyejifungua. Mvua zilikuwa zimekaribia. Aliniagiza nisafishe gata zote mbili, nianze na ya nyuma, na Mama Cherehani anishikie ngazi. Sasa, ile ya nyuma ilikuwa chini ya mparachichi mkubwa na migrivea. Ilijaa majani mabichi na makavu, giza, na mara moja nilikuwa nimekuta kinyonga mle. Na Jumamosi ile ile palikuwa na harusi kanisani; bwana harusi alitoka Kasese na magari yaliyofungwa riboni, na wasichana wote wa darasa letu walikuwa wameshakwenda.

Nilisafisha ya mbele. Niliikwangua mpaka ikang'aa. Mama Cherehani alikuwa amekwenda kununua uzi, na sikumngoja. Nikarudisha ngazi mahali pake, nikanawa miguu, nikakimbia harusini.

Bibi aliporudi aliuliza, "Na ya nyuma?"

"Nimemaliza zote, Mukaka," nikamwambia. Mukaka ndivyo tunavyoita bibi.

Akaitazama ya mbele, akaniamini. Jioni ile alinichemshia yai, na mayai nyumbani kwetu yalikuwa ya kuuzwa. Nililila lote.

Mvua zikaja. Kila alasiri mabati yalinguruma hadi mtu akizungumza huoni ila midomo. Kwa mbele maji yalikwenda tangini vizuri. Kwa nyuma niliona kwa macho yangu jinsi yalivyofurika juu ya gata na kuanguka kama pazia, yakipiga ukuta. Wiki ya kwanza ukuta ukawa na doa. Wiki ya pili doa likafika dirishani. Mama Cherehani alimwambia bibi kwamba chumba kinanuka unyevu na vitambaa vinaota ukungu. Bibi akamjibu kwamba gata imesafishwa, labda ni ardhi inayotoa maji. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikila muwa. Ngazi ilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa.

Ukuta ulianguka Jumapili mchana. Kwa rehema ya Mungu, Mama Cherehani alikuwa misani na sisi tulikuwa kanisani kwetu. Tulipofika tulikuta watu uwanjani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeingia ndani, ukalala juu ya kitanda na juu ya cherehani. Sare ishirini na kitu za watoto, zilizokuwa zimekunjwa tayari, zilikuwa zimezikwa kwenye matope. Mama Cherehani alikuwa amepiga magoti na gauni lake la misa, akifukua kwa mikono.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye sauti, akasema kwa Kiswahili makusudi ili mwenyewe asikie: "Hii mama ya Congo namwaga maji ya nguo hapa nyuma kila siku. Ukuta itasimama namna gani?"

Watu wakaguna kukubali. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu. "Wewe ndiye unayeshinda hapa. Umewahi kumwona akimwaga?"

Ningeweza kusema hapana. Hata kama kuhusu gata ningenyamaza, angalau kwa hilo ningesema hapana. Nikasema, "Nimemwona."

Mama Cherehani hakuijua lugha yetu, ila hilo alilielewa. Aliinua uso. "Minamwangaka maji ku migomba, Mama," akamwambia bibi taratibu. "Mutoto anajua."

Ni kweli nilijua. Migomba ilikuwa mbali na nyumba, na mara nyingi mimi ndiye niliyemsaidia kubeba beseni. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Bibi alimwambia atafute mahali pengine. Hakupaza sauti, na nadhani hilo lilimwumiza yule mama zaidi.

Kesho yake nilitoka shuleni, bibi akiwa shambani. Nikasikia kitu kikikwangua nyuma ya nyumba. Nikazunguka. Mama Cherehani alikuwa juu ya ngazi, anatoa majani kwenye gata ili sehemu ya ukuta iliyobaki isije ikatuangukia sisi. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Mle ndani mgrivea ulikuwa umeshaota, mche mzima wenye majani, urefu wa kalamu. Akaung'oa, akashuka nao.

"Uliogopaka kupanda huku?" akaniuliza.

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananifungulia mlango, nami niliuona mlango ule wazi kabisa, nikasimama tu.  Kisha akazoa ule uchafu wote kwenye beseni, akaenda kuufukia chini ya migomba, mahali ambapo bibi asingeuona. Siku mbili baadaye kijana wa bodaboda alimfungia cherehani nyuma ya pikipiki, mkono wa kuizungushia mashine umepinda. Akamwambia bibi, "Aksanti, Mama. Mubakie muzuri." Mimi akanishika kichwa kidogo, akaenda.

Nilidhani uongo ukishasemwa unakwisha, kumbe unakaa ndani ya nyumba na kula chakula. Ukuta ulijengwa upya, na nilikuwa nimefika sekondari, nipo likizo, siku alipokuja mama mwingine kutoka ng'ambo ya mpaka na watoto wawili, akiomba chumba. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Bibi, mtu ambaye sijawahi kumwona akimnyima mgeni maji, akamwambia hapana. "Nilimpokea mmoja," akasema, "akaniangushia ukuta kwa maji yake."

Yule mama akageuka na watoto wake. Alikuwa ameshafika barabarani niliposema, "Mukaka, si yeye. Ni mimi. Gata ya nyuma sikuisafisha."

 Sikupigwa. Afadhali ningepigwa. Bibi alisema tu, "Mkimbilie yule, mrudishe." Nikakimbia kwenye manyunyu, nikawarudisha, wakapewa kile chumba. Usiku huo bibi hakusema nami, wala asubuhi.

Siku ya soko akavaa gomesi yake ya kanisani, akanichukua hadi mpakani, Mpondwe. Ilikuwa ile miaka ya hofu ya maradhi, ya kunawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto usoni kabla ya kupita. Tukazunguka kwa wachuuzi wa Congo, meza kwa meza, vitenge, mafuta ya mawese, sandali. Magoti yake yalikuwa mabaya kweli sasa. Kila baada ya meza chache alishika bega langu.

"Tunatafuta mama ya cherehani," alisema kila mahali. "Alikaa kwangu."

Mwuzaji mmoja wa vitenge, mwanamke mwenye huruma, akaweka chini mita yake ya kupimia vitambaa. "Anaitwaka nani, Mama?"

Bibi akanitazama. Nami nikamtazama. Alikaa nasi zaidi ya miaka miwili, alinishonea sare, alinifundisha nusu ya maneno haya ninayokuandikia, na kati yetu wawili hakuna aliyejua jina lake.

"Iko na shida gani na ule mama?" yule mwuzaji akauliza.

"Sisi tulimukosea," bibi akajibu.

Alisema sisi. Mbele ya watu wale wote, akiwa ameshika bega langu, alijitia ndani ya kosa ambalo hakulifanya, na mimi mwenye kosa, msichana wa sekondari, mwenye Kiswahili kuliko yeye, sikufungua kinywa kusema hapana, ni mimi peke yangu. Tulikwenda tena siku tatu nne za soko. Baadaye akawa hawezi tena kutembea.

Bibi amelala chini ya udongo sasa. Mjomba alibomoa ile nyumba, akajenga ya matofali ya kuchoma. Mparachichi ulikatwa. Hakuna tena wa kufumba macho akasikiliza maji, wala wa kuketi na mgeni wakachambua maharagwe bila lugha. Nikiwa kule Bwera kwa ajili ya msiba au harusi, hupita sokoni, nikatazama mikono ya wanawake wanaoshona. Nimekuwa mtu mzima, na Mukaka hayupo wa kunisaidia kulibeba lile neno lake la mpakani, "tulimukosea." Nilimkosea.