Kadi ya Ijumaa ya Adela

Hesabu za Atuganile zilikuwa safi, na ndizo zilizomwumbua.

Alifika Sumbawanga mwaka 1975, binti wa Tukuyu mwenye shahada ya hisabati, akapangiwa kazi ofisi ya mipango. Hospitali moja ya mjini ikaomba msaada wake: kliniki ya wajawazito ilifurika Jumatatu, siku nyingine wakunga walikaa bure. Wiki mbili aliketi benchi la nyuma akiandika nani kafika saa ngapi, kahudumiwa dakika ngapi. Kisha akatunga milinganyo, nayo ikamwambia awatawanye. Wajawazito ishirini wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Muze, bondeni chini ya mlima, wakapelekewa kadi, wanne kwa kila siku ya kazi.

Mkunga Kalista alimwuliza kama amezungumza na wenyewe. Atuganile, ambaye kusema na wageni kulimkausha koo, alijibu kwamba takwimu zinatosha.

Jumatatu walikuja wote ishirini. Wanne wakapimwa, waliobaki wakakaa uani na vifurushi vyao, wakalala hapohapo. Jumanne wakapimwa wengine wanne, hakuna aliyeondoka. Kufikia Alhamisi unga waliokuja nao ulikuwa umekwisha, na Adela, mwenye mimba kubwa kuliko wote, alikuwa amejilaza juu ya gunia, miguu imevimba. Kadi yake ilisema Ijumaa.

Atuganile alichuchumaa, akauliza kwa sauti ndogo kwa nini hawakuja kila mtu siku yake.

“Mlima ule unapandwa na watu wanne, dada?” Adela alisema. “Mmoja akishikwa na uchungu njiani, nani atambeba? Tumekuja pamoja, tutarudi pamoja.”

“Mwache,” Silvana, mkubwa wao, akadakia. “Kwao huko watu huzaa kwa ratiba.”

Wakacheka, hata Adela. Atuganile aliinama. Mama yake mwenyewe hakuwahi kwenda kliniki bila majirani. Na kwenye daftari lake la zile wiki mbili, kwa mwandiko wake, wale ishirini walikuwa wamefika saa mbili na robo, wote. Aliliona hilo wakati ule, akaliita kasoro.

Akamfuata Kalista, akamwomba awapime wote waliobaki siku ileile. Kalista hakumsema. Alimpa kalamu tu aandike uzito, na jioni wanawake wakaanza safari, Adela katikati yao, kadi yake ya Ijumaa ameiacha kwa Atuganile.

Ratiba mpya ilipanga kijiji kizima siku moja. Kikaoni mganga mkuu aliisifu hisabati, watu wakapiga makofi. Kalista naye alipiga, taratibu, akimtazama. Atuganile alitaka kusimama aseme ukweli, kwamba ratiba ile ilitoka kwa Adela na wenzake. Akabaki ameketi, kadi ya Adela imekunjwa kiganjani.